Asumini ya dukani, asumini ya mwilini

Barua za safari hii nyingi zimetoka kusini, na karibu zote zinazunguka jambo lilelile: manukato ya maua meupe yaliyopendeza dukani yakageuka yalipofika mwilini. Kwa watengenezaji, maua meupe ni asumini, tuberozi, gadenia na ua la mchungwa. Langilangi ni la manjano, lakini nalo huwekwa kundi hilo kwa sababu tabia yake ni ileile.

Nilinunua pafyumu ya asumini hapa Mtwara mjini. Muuzaji alinipulizia kifundoni mwa mkono, ikanukia kama ua lililochumwa sasa hivi. Nikafika nyumbani, saa nzima imepita, nasikia naftalini. Mume wangu akasema kuna kitu kama choo. Nimeuziwa feki? — Mama wa Shangani

Huenda si feki, dada. Asumini feki ya bei rahisi kwa kawaida haifanyi hivyo. Inabaki tamu kama sabuni tangu mwanzo mpaka inapokufa. Unachokisikia kina jina lake: indoli. Imo ndani ya asumini lenyewe. Katika mafuta mazito yanayokamuliwa kutoka kwenye ua kwa kiyeyushi, indoli huwa kama asilimia 2 hadi 3, na ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye kinyesi. Ikiwa chembe, inaipa asumini ule uzito wa usiku. Ikizidi, pua inasoma naftalini, na pua isiyoizoea inasoma choo. Wazee wa pwani waliotumia zabadi, ule ute wa harufu unaotoka kwenye tezi za fungo, jambo hili wasingelishangaa: zabadi huwezi kuinusa ikiwa tupu, lakini ukiizimua inakuwa tamu.

Dukani hukuisikia kwa sababu manukato hayaondoki mwilini kwa pamoja. Chembe nyepesi hutangulia. Dakika moja au mbili za kwanza ni alkoholi, usizihesabu. Kisha robo saa hivi unasikia vitu vya juu: bagamoti, ndimu, ubichi wa majani. Baada ya hapo ua linafunguka na kukaa kati ya saa mbili na nne. Nyuma yake hubaki vitu vizito, yaani sandali, miski, vanila na ambari, ambavyo vyaweza kulala na wewe hadi asubuhi.

Sasa litazame asumini peke yake. Linaloli na asetati ya benzili, ambazo ndizo zinazokupa ule utamu wa tunda na ua bichi, huruka mapema. Indoli ni yabisi, tena yenye harufu kali hata ikiwa kidogo sana, kwa hiyo hubaki nyuma ya wenzake. Haikuongezeka; walioifunika ndio wameondoka. Joto linaharakisha jambo hilo. Februari ya Mtwara, ukitoka dukani kwa miguu na jua la saa 8 mchana, hatua ambayo chumbani kwenye feni ingechukua saa mbili inafika kabla hujavuka barabara ya pili. Ongeza jasho, ambalo bakteria wa ngozini huligeuza kuwa harufu nzito, na indoli inapata mshirika. Ndiyo maana maua meupe hayapulizwi kwapani, hata kidogo.

Usiitupe chupa. Puliza mara moja tu, kifuani chini ya nguo, baada ya kuoga na kujikausha kabisa, asubuhi au baada ya jua kutua. Ikiwa bado inakukera, basi asumini nzito si yako. Dukani uliza asumini jepesi. Mengi ya siku hizi yamejengwa juu ya Hedione, kitu cha maabara chenye harufu ya asumini iliyopunga hewa, bila indoli kabisa. Hedione ilijulikana sana kupitia Eau Sauvage ya Dior, mwaka 1966, ambayo, kwa taarifa ya wanaume wanaodhani maua ni ya wake zao, ilikuwa ya wanaume.

Na unapojaribu dukani, usinunue papo hapo. Chagua tatu kwa siku, zisizidi: kifundo cha kushoto, cha kulia, na kunjo la kiwiko. Ondoka. Nusa baada ya dakika 10, nusu saa, saa mbili, na kabla ya kulala. Buni za kahawa anazokupa muuzaji ili "usafishe pua" ni harufu nyingine tu juu ya harufu. Toka nje ukavute hewa, au nusa kitambaa cha nguo yako mwenyewe. Karatasi ya kunusia inafaa kuchuja zile usizozitaka, lakini karatasi haina joto wala jasho. Asumini inayopendeza kwenye karatasi imekuonyesha nusu tu ya habari.

Shikamooni. Nikiwa Newala pafyumu yangu haisikiki, nikishuka Mtwara kwenye mikutano watu wanageuka. Chupa ni moja. — Mwalimu, Newala

Marahaba. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na asubuhi ya Julai kule mtu anavaa sweta. Ngozi ikipoa, ua linatoka polepole na halifiki mbali. Mtwara iko usawa wa bahari na ngozi ina moto, hivyo kinachotoka kwa saa moja ni kingi zaidi. Mipulizo minne ya Newala iwe miwili ukishuka, na ujipulize nusu saa kabla ya kuingia ukumbini, si mlangoni.

Mimi ni dereva wa bodaboda Masasi. Nimenunua pafyumu ya bei, nikiipaka haimalizi nusu saa. Lakini abiria wanasema nanukia. Nani mkweli? — Kijana wa Masasi

Abiria, kaka. Pua huacha kuripoti harufu isiyobadilika baada ya dakika kama 15 au 20. Kama isingekuwa hivyo usingeweza kukaa karibu na moto wa kuni. Maua meupe yana nguvu kiasi kwamba mwenye nayo huyazoea mapema, akadhani yameisha, akaongeza. Hapo ndipo abiria anapoanza kukohoa. Usijipulize tena kabla hujamuuliza mtu mwingine. Isitoshe, baadhi ya miski za maabara zina chembe kubwa, na wapo watu ambao pua zao hazizisikii kabisa tangu kuzaliwa. Kwao pafyumu inaonekana imekatika mwishoni, kumbe wengine wote wanaisikia.

Hata hivyo kuna kinachopotea kweli. Upepo wa pikipiki unakausha ngozi na kuibeba ile harufu kabla haijatulia. Ngozi kavu haishikilii manukato. Inahitaji mafuta ya kuyakamata. Paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kiasi cha punje ya harage, kifuani na kwenye kunjo za viwiko, subiri dakika mbili, kisha puliza juu yake ukiwa umbali wa kiganja kimoja hadi kimoja na nusu. Usisugue vifundo. Kusugua hakuvunji chembe kama watu wanavyosema, ila kunapasha ngozi moto na kutandaza pafyumu mahali papana, hivyo vitu vya juu vinaisha upesi. Kisha vaa shati. Harufu iliyo chini ya kitambaa hutoka kidogokidogo kila unapojisogeza.

Tazama pia kilichoandikwa kwenye chupa. *Eau de toilette* kwa kawaida huwa na manukato asilimia 5 hadi 15, *eau de parfum* 15 hadi 20, na *extrait* huanza 20 kwenda juu. Kilichobaki ni alkoholi na maji kidogo. Hakuna sheria inayofunga viwango hivyo, kila kampuni ina mkono wake. Mafuta ya kupima yanayouzwa kwa tola (tola moja ni gramu 11.66, robo yake kama mililita 3) hayana alkoholi. Yanakaa sana lakini hayarukii mbali: anayekusogelea ndiye anayeyasikia. Kwa mtu anayepakia abiria mgongoni, hilo ndilo tungelichagua.

Dada zangu, naolewa Lindi mwezi wa kumi na mbili. Nguo ni nyeupe. Nataka tuberozi, na mama anataka kikuba na udi kama ilivyo ada. Nipulize wapi, mara ngapi, na nguo haitachafuka? — Bibi harusi mtarajiwa

Hongera, mdogo wetu. Tuanze na nguo kwa sababu doa halina dawa. Maua meupe yana antranilati ya methili, ile inayofanya ua la mchungwa linukie zabibu. Ikikutana na aldehaidi zilizomo kwenye manukato mengi, hushikana nazo na kuzaa rangi ya manjano inayokwenda kwenye chungwa. Vanila nayo hugeuka kahawia. Kwenye kanga nyeusi huoni. Kwenye satini nyeupe utaona, pengine siku ya pili, picha zikiwa zimeshapigwa. Usipulize nguo hiyo kabisa. Ukitaka kujua pafyumu yako ina tabia hiyo, puliza tone kwenye kipande cha kitambaa kilekile, kiweke dirishani siku tatu.

Jipulize ngozini dakika 15 kabla ya kuvaa, mpaka ukigusa kwa kidole pamekauka. Mara tatu zinatosha: moja kifuani, moja nyuma ya shingo chini ya nywele, moja nyuma ya magoti. Ya magotini huwashangaza watu, lakini harufu hupanda na joto, na wewe utakuwa umekaa saa nyingi. Mpulizo mmoja ni kama sehemu ya kumi ya mililita. Tuberozi haihitaji zaidi ya hapo, hasa katika ukumbi wenye watu mia tatu na feni nne.

Usiogope mwanzo wake. Tuberozi nyingi hufungua na kitu kinachofanana na dawa ya kuchua misuli. Hiyo ni salisilati ya methili, iliyomo kwenye ua lenyewe, na huondoka ndani ya nusu saa. Baadaye inakuja ile malai yake, yenye laktoni zinazokumbusha nazi. Kwa sababu hiyo mafuta ya nazi mwilini hayagombani na tuberozi, yanaibeba. Ua la mchungwa kwenye mafuta ya nazi mazito, kwa pua zetu, linaharibika: linakuwa kama peremende.

Tuberozi ya kishindo, ile inayoingia kabla ya mwenyewe, ilipata umaarufu kwa Fracas ya Robert Piguet, iliyotengenezwa na Germaine Cellier mwaka 1948. Ukimwambia muuzaji unataka tuberozi tulivu, mwenye ujuzi atajua ni njia gani uiepuke.

Udi fukiza chumba na nguo za ndani jioni ya kuamkia siku yenyewe, si asubuhi ile. Moshi ukilala usiku kucha unapoteza ukali na kubaki utamu wa kuni, nao ni kitako kizuri cha ua jeupe. Kikuba kifungwe na asumini vichanga vilivyochumwa jioni ileile, rehani na mkadi. Asumini lililofunguka tangu jana limeshaanza kuwa kahawia, na lililo kahawia linatoa indoli zaidi ya utamu. Na kama mama amefunga kikuba kikubwa, punguza mipulizo iwe miwili. Sisi tungempa mama nafasi ya kwanza: ua hai halijashindwa na chupa.

Shingo imenitoka vipele kisha madoa meusi pale ninapopuliza. Pafyumu ni ya maua, si kali. — Msomaji, Kilwa Masoko

Acha kuipaka leo. Wepesi wa harufu hauna uhusiano na ukali kwa ngozi. Kuna njia mbili hapa. Vipele vyenye kuwasha siku moja au mbili baada ya kupaka mara nyingi ni mzio, na linaloli na limonini (viambato vya harufu) zilizokwisha kuingiliwa na hewa ndani ya chupa iliyofunguliwa zamani ni watuhumiwa wakubwa kuliko zikiwa mbichi. Madoa meusi yanayofuata umbo la mpulizo na kuzidi ukikaa juani ni jambo jingine: mafuta ya bagamoti yasiyosafishwa yana bagapteni, ambayo jua likiipiga huunguza ngozi. Kampuni makini huiondoa au huipunguza sana. Chupa isiyo na orodha ya viambato haikuambii lolote.

Tazama pia kama boksi limeandikwa *Butylphenyl Methylpropional*. Hiyo ni Lilial, iliyotumika sana kwenye manukato ya maua meupe, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vipodozi tangu Machi 2022. Ukiiona, huenda hiyo ni akiba ya zamani.

Ukipona, jaribu pafyumu nyingine kwa tone moja ndani ya kiwiko, usifunike, ukague baada ya saa 24 na saa 48. Usiipulize kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa. Na kama umepaka mkorogo shingoni, ujue hiyo ngozi imeshachubuka, haivumilii alkoholi wala jua. Usijaribu kuyafuta madoa kwa mkorogo zaidi. Yasipofifia, nenda kwa daktari wa ngozi ukiwa na chupa yenyewe na boksi lake. Kwa sasa nukisha upindo wa ndani wa ushungi, si shingo.

Pafyumu yangu ya asumini ilikuwa kama maji, sasa imekuwa kama chai. Imeoza? — Mikindani

Rangi peke yake si kuoza. Ni ule mshikano wa antranilati na aldehaidi tuliomweleza bibi harusi, pamoja na indoli inayojitia wekundu. Inuse: ikiwa mwanzo wake ni wa siki, chuma au mafuta ya taa na haitulii baada ya dakika kumi, imekwisha. Ikiwa ua bado linafunguka, itumie, ila si karibu na nguo nyeupe. Rudisha chupa kwenye boksi lake, ndani ya kabati, mbali na dirisha. Bafuni siyo. Kwenye gari siyo kabisa.

Nina miti miwili ya asumini uani. Naweza kutoa manukato yake kwa mafuta ya nazi? Nimejaribu mara mbili, yakachacha. — Mama wa Mtama

Unaweza, mama, ila hutapata pafyumu ya dukani. Utapata mafuta ya mwili yenye harufu ya karibu. Yaliyochacha yalikuwa na maji, karibu kwa hakika.

Chukua mafuta ya nazi mililita 200, meupe, yasiyo na mashapo. Kama ni ya kupika nyumbani, yapashe kwa moto mdogo mpaka yaache kutoa povu, maana povu hilo ni maji ya tui yanayotoka. Yaache yapoe kabisa. Ukiweka ua kwenye mafuta ya moto umelipika, na asumini iliyopikwa inanuka majani ya chai.

Vichanga vichume saa 11 jioni, vilivyovimba na kuwa vyeupe lakini havijafunguka. Usivioshe, na usichume baada ya mvua. Vitandaze juu ya kitambaa kikavu. Saa 2 au saa 3 usiku vitafunguka vyenyewe, na hapo ndipo vinapoanza kutoa harufu; asumini huendelea kuitengeneza baada ya kuchumwa, jambo ambalo waridi haliwezi. Ng'oa vikonyo vya kijani, vina maji na ubichi. Tumbukiza viganja viwili vya maua kwenye chupa ya mdomo mpana, yazame yote. Linaloelea juu ya mafuta ndilo linaloota ukungu. Funika kwa kitambaa, siyo kwa kifuniko, ili mvuke utoke.

Asubuhi, kabla ya saa 3, chuja kwa kitambaa bila kukamua. Ukikamua unatoa maji ya ua, unarudi palepale pa kuchacha. Usiku ufuatao weka maua mapya katika mafuta yaleyale. Rudia usiku 7 hadi 10. Mara ya kwanza hutasikia chochote cha maana, na hapo ndipo wengi hukata tamaa au huanza kuchemsha. Mara ya tano utaanza kusikia.

Ukimaliza, acha mafuta yatulie siku mbili kwenye chupa nyembamba, kisha mimina ya juu na uache kidole kimoja chini, maana maji yaliyosalia hujificha hapo. Hifadhi kwenye chupa ya rangi nyeusi na utumie ndani ya miezi mitatu. Asubuhi za Juni mafuta yakiganda usishtuke. Chini ya nyuzi 24 hivi nazi huganda, ua halijadhurika.

Mkiwa na mlangilangi jirani, njia ni hiyohiyo, ila ua la langilangi lichumwe alfajiri, limeshakuwa la manjano na lina wekundu kidogo shinani. La kijani halijaiva, linatoa harufu ya jani. Gadenia pia inakubali. Sokoni mafuta yake halisi karibu hayapatikani, chupa zilizoandikwa gadenia hutungwa maabara kwa kuchanganya asumini, tuberozi na vingine, kwa hiyo mwenye kichaka chake uani ana kitu ambacho duka halina. Petali zake ni nene na zina maji mengi kuliko za asumini: zinyaushe kitambaani saa tatu nzima kabla ya kuzizamisha, na uzitoe baada ya muda wa saa nane, zisifike asubuhi.